Nira Bado Anatembea

Honorine Mwape alishona nguo miaka ishirini na saba katika mtaa wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi. Ukiwauliza wanawake wa barabara yetu ni nani aliyewashonea nguo ya harusi, zaidi ya nusu watakutajia jina lake. Ukoo wake ni wa hapa hapa, wakulima waliokuwa na mashamba yao kabla migodi haijafika kuyameza. Shule aliiacha darasa la nne. Kifaransa alikisikia kila siku kama sisi wote, lakini alikuwa akishika neno moja na matano yanampita.

Mumewe, Dominique Mbuyi, alizaliwa na wazazi waliotoka Kasai. Alimaliza sekondari, akasomea na ualimu, lakini kazi iliyomshika mpaka uzee ni ya kulinda lango la nyumba moja kubwa huko Makomeno. Mtu mpole, asiyetupa gazeti hata likiwa la mwaka juzi. Katika nyumba yao kila barua, kila karatasi ya hospitali na kila neno la Kifaransa lilipitia kwake kwanza, halafu ndipo likamfikia Honorine kwa Kiswahili.

Tamthilia yenyewe ilianza majira ya mvua, Jumamosi saa kumi za alasiri. Kwa Kifaransa jina lake lilikuwa refu. Sisi tuliiita Ville ya Chini, yaani Mji wa Chini. Ilionyesha mji wa miaka ijayo, majengo marefu mpaka jua halifiki barabarani, magari yanayoruka, na matangazo ya taa yanayowaita wapita njia kwa majina yao. Watu wa mji ule walijitia mikono ya chuma na nyaya shingoni. Mmoja wao alikuwa msichana fundi wa mitambo, Nira, aliyepofuka katika ajali, na kampuni moja ikamkodisha macho. Nira anaona, ila kila anachokiona yeye, kampuni nayo inakiona. Akikaidi, wanayazima.

Televisheni ya Dominique ilikuwa kubwa kuliko zetu, kwa hiyo tulikuwa tunakwenda kwake, kila mtu na kiti chake. Wanaume walibishana juu ya magari: yanaruka kwa mafuta au kwa betri? Cathy, jirani wa ukuta mmoja, alitazama nywele.

"Bale banamuke bote banasukwa na nani?" aliuliza. "Saluni siione hata moya!"

Honorine alikuwa na macho ya namna nyingine. Jumamosi ya kwanza hakusema kitu. Ya pili akasema, "Hii muji, mvua inanyesha kila siku, hakuna hata mama moya anatega ndoo."

Tulicheka mpaka hatukusikia maneno ya kwenye televisheni. Lakini tulipotazama tena, ilikuwa kweli. Juma lililofuata akasema hakuna mtu anayeamkia mwenzake katika mji ule. Watu wanaanza tu kuongea, kama wamefukuzwa. Siku nyingine akauliza wanazika wapi, maana kila Jumamosi watu wanakufa na hajaona matanga. Ikafika mahali tukawa tunangojea maneno yake kuliko tunavyongojea tamthilia.

Kitu ambacho hatukukiona, sisi tuliojidai watazamaji, ni kwamba alikuwa akitazama amegeuza kichwa upande.

Cathy ndiye aliyekigundua mwanzo, na hakukijua jina. Alipelekewa blauzi yake mpya, mkono wa kulia umeshonwa kushoto. Alidhani ni uchovu. Kisha Honorine akagonga bega kwenye mlango wake mwenyewe, mlango aliokuwa akiupita tangu alipoolewa. Dominique akampeleka hospitali.

Walimkalisha mbele ya mashine, wakamwambia abonyeze kila anapoona nuru ndogo. Alibonyeza mara chache sana. Kisha daktari akamwita Dominique koridoni, mlango ukafungwa nusu. Honorine alisikia Kifaransa kikienda na kurudi, hakushika kitu. Dominique alipoingia, alimshika mkono.

"Ni presha ya macho," alisema. "Docteur anasema dawa iko. Ni ya matone, asubuhi na mangaribi. Kuona itarudia pole pole."

"Itarudia yote?"

"Pole pole, Mama Gracia," alisema, akimwita kwa jina la binti yao.

Honorine akaanza kutia matone. Hakuwahi kukosa, si asubuhi, si magharibi. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusaidia kazi inayofanyika, akaongeza la kwake: akawa anayapumzisha macho. Akikaa, anayafumba. Akisali, anayafumba. Cherehani aliifunika kitambaa. Alisema goti likiuma unalipumzisha, na jicho nalo ni vilevile.

Sisi hatukuambiwa lolote, mpaka Jumamosi ile kampuni ilipoyazima macho ya Nira. Nira alikuwa anakimbia juu ya daraja. Ghafla televisheni yote ikawa nyeusi, pa! kama mtu amechomoa waya. Sisi tukapiga kelele. Mtu mmoja akadhani umeme umekatika.

"Hapana," Honorine akasema. "Haiko vile."

Binti yao Gracia, aliyekuwa amekaa chini karibu na miguu yake, akamuuliza, "Nini haiko vile, mama?"

"Giza haiingie mara moya. Inaanza ku mipembeni. Inakula pole pole, sawa panya anakula mukate, na weye haujue kama mukate inaisha. Na haiko nyeusi. Iko sawa moshi ya makaa." Akaelekeza kidole kwenye televisheni. "Benye kutengeneza hii série, habakuuliza kipofu hata moya."

Hakuna aliyecheka. Hivyo ndivyo barabara nzima ilivyopata habari.

Gracia aliyaandika maneno yale kwa Kifaransa kwenye ukurasa wa tamthilia, kwenye simu yake, akatia na jina la mama yake na jina la mji wetu. Honorine aliuliza kila siku kwa wiki mbili kama wamejibu. Hawakujibu. Chini ya maneno yake watu waliendelea kubishana ni mwigizaji gani mzuri zaidi kwa sura. Wiki ya tatu hakuuliza.

Kiangazi kile Gracia aliolewa na kijana wa Kolwezi. Harusi ilikuwa nzuri. Vumbi lilikuwa jingi, jua kali, na mama wa bibi harusi alikaa kanisani kiti cha mbele amefumba macho karibu ibada nzima. Watu walidhani anaomba. Yeye alikuwa anayatunza.

Mvua ziliporudi na sehemu ya pili ya tamthilia ikaanza, watu wa kwenda kwa Dominique walikuwa wamepungua. Wengine walisema wanaipata kwenye simu. Ukweli ni kwamba hatukujua namna ya kukaa na mtu anayegeuza uso kila mlango unapolia. Nami nilikuwa mmoja wa walioacha kubeba kiti.

Wakati huo Honorine alikuwa anatofautisha mchana na usiku, basi. Zamani Gracia ndiye aliyekuwa akimsimulia picha. Sasa kazi ikawa ya Dominique. Jumamosi alipokuwa hayuko zamu alikaa karibu naye na kumweleza: sasa wameingia kwenye jengo, sasa mvua, sasa Nira ametoroka.

"Mbona Nira haseme?" Honorine aliuliza. "Sauti yake siisikie."

"Anajificha. Akisema, compagnie itamusikia. Anatembea tu chini ya muji, ku tunnel, pale penye maji inapita."

"Na macho?"

"Eko anaona kidogo."

"Kidogo ni muzuri," alisema Honorine.

Ilikwenda hivyo majuma manane. Kila Jumamosi Nira alitembea. Mara alipata mkate, mara alilala kwenye chumba cha mitambo chenye joto, mara alikutana na bibi kizee aliyempa viatu. Honorine alimpenda sana yule bibi. Alisema hatimaye wenye kutengeneza tamthilia wameanza kujifunza ubinadamu.

Juma la tisa Cathy aliingia na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alikuwa hajafika siku nyingi, na nadhani aibu ilimfanya aongee sana. Akaketi, akatazama televisheni, akatikisa kichwa.

"Yaya Honorine, dada yangu, miye hii série ilinishinda. Tangu siku banamuua Nira, siiangalie tena na roho moya. Ile siku nililia, bwana yangu akanicheka."

Honorine hakushtuka kwa nje. "Banamuua Nira siku gani?"

"Si ile juma ya pili? Compagnie ilituma bantu yake, bakamutoa macho, bakamutupa ku—" Hapo Cathy akamwona Dominique anavyomtazama, akanyamaza, lakini yalikuwa yameshatoka.

Honorine akageuza uso mahali alipojua mumewe ameketi.

"Papa Gracia. Nira eko wapi?"

"Alikufa," alisema Dominique.

"Sasa ule mwenye kutembea?"

"Ni miye nilikuwa namutembeza."

"Na ule mama muzee wa viatu?"

"Ni miye."

Cathy anasema hapo angetaka ardhi ipasuke. Alitegemea Honorine atacheka, maana kwa namna fulani kilikuwa kitu cha kuchekesha, mlinzi wa Makomeno anatunga tamthilia kichwani majuma saba. Honorine hakucheka. Alikaa na mikono juu ya magoti, na ukimjua ungeona yuko mbali, anarudi nyuma, anapita mlango baada ya mlango.

"Na docteur?" aliuliza. "Siku ile ku corridor. Docteur alisema nini?"

"Mama Gracia, Cathy eko hapa."

"Abakie. Docteur alisema nini?"

"Alisema yenye ilienda, ilienda. Na yenye ilibakia, nayo itaenda."

"Matone?"

"Ya kukawisha tu."

Televisheni iliendelea kuongea Kifaransa chake. Cathy anasema hakuna aliyeinua mkono kuizima.

"Uliniambia itarudia," alisema Honorine. Sauti haikupanda. "Miye macho nilikuwa naifunga, Papa Gracia. Niliifunga miezi mingi, nasema niipumuzishe, ikirudia nitaangalia. Ku ndoa ya mutoto niliifunga. Kama ungeniambia kweli, ile siku ningemuangalia mutoto mpaka basi."

Dominique akapiga magoti mbele yake, mtu mzima wa miaka sitini na mmoja, akasema alitaka tu apate usingizi. Akasema alidhani atapata siku nzuri ya kumwambia, na kila siku ilipofika haikuwa nzuri. Honorine alimwekea mkono kichwani. Cathy aliona ule mkono na akafurahi, akadhani yameisha. Akachukua bakuli lake na kuondoka.

Hayakuisha. Hakuna ugomvi uliosikika, hawakutenganisha vyombo. Walikula bukari, ugali wetu, kwenye sahani moja kama zamani. Lakini tangu siku ile Honorine hakumuuliza tena kitu ambacho hawezi kukihakikisha kwa mkono au kwa sikio. Akitaka kujua kama nguo ni safi, ananusa. Akitaka kujua kama mvua inakuja, anatoka nje na kusimama. Dominique naye aliacha kupamba maneno. Akawa anataja vitu kama anavyovitaja mtu wa forodha, kimoja kimoja. Honorine anasikiliza, anasema "ndiyo", na hakuna ajuaye kama amesadiki.

Chupa ya matone iliisha mwezi wa sita, hawakuchukua nyingine. Kabla kiangazi hakijakwisha, mchana nao ulikuwa umemwacha. Cherehani Dominique aliiuza kwa fundi mmoja wa Makomeno; Honorine mwenyewe ndiye aliyesema iuzwe, ili isishike kutu. Ville ya Chini iliisha bila wao. Sisi wachache tuliofuatilia mpaka mwisho tunaweza kushuhudia kwamba mji haukuanguka, kampuni haikuanguka, na mvua haikukatika.

Mwezi wa kumi na moja Gracia alikuja kutoka Kolwezi na mtoto wa kike wa wiki sita. Nyumba ilijaa tena. Nami nilikwenda, na safari hii nilikaa. Walimweka mtoto mapajani mwa Honorine. Alimpitisha vidole usoni taratibu, paji, pua, kidevu, masikio, kama alivyokuwa akipima kitambaa kabla ya kukikata.

"Anafanana na nani?" aliuliza.

"Na weye," alisema Dominique.

Sote tukamtazama Honorine kama amesadiki. Honorine akaendelea kumpapasa mtoto mashavu.

"Ni weye kabisa, mama," alisema Gracia. "Hata hapa ku macho."

"Kweli, yaya," akasema Cathy. "Ni weye mutupu."

Na ilikuwa kweli. Naiandika hapa kwa sababu niliiona mwenyewe: uso ule mpana, paji lile, hata ile namna ya kukunja midomo kabla ya kulia. Dominique hakuongeza hata neno moja. Nami nilisema, na wengine waliokuwa chumbani walisema, kila mtu kwa namna yake, mpaka ikawa kelele.

Honorine alitusikiliza wote, mpaka wa mwisho. Kisha akamwinua mtoto, akamkabidhi mama yake.

"Eko na njala," alisema. "Mumunyonyeshe."