Wa Kike kwa Mama, wa Kiume kwa Baba

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nimewahi kumpiga mtu kanisani, mbele ya padri, na mtu mwenyewe alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye hajawahi kunikosea hata neno.

Ilianzia kwenye mayai. Nilikuwa nakaanga mayai katika hoteli moja ya Diani, kila asubuhi nimesimama mbele ya wageni na kikaango changu. Bibi mmoja kutoka Hungaria, mzee wa fimbo, alipenda yai lake liive pande zote, na lilipokuwa likiiva alinihoji. Nikamwambia mimi ni Mprotestanti, mke wangu ni Mkatoliki, ana mimba ya kwanza, na kwetu Ukunda hakukaliki kwa ugomvi wa mtoto atabatizwa wapi. Alicheka mpaka akashika meza.

Kijijini kwao, akasema, makanisa mawili yalitazamana: la Waprotestanti lina jogoo wa bati juu ya mnara, la Wakatoliki lina msalaba. Zamani sheria yao ilikuwa kwamba watu wa madhehebu mawili wakioana, mtoto wa kiume anafuata dini ya baba na wa kike ya mama. Jumapili babu yake alitoka na wavulana, nyanya yake na wasichana, halafu wote wakakutana mezani kwenye supu. Alinieleza na mengine. Kulikuwa na wachungaji wa kale wa Kiprotestanti waliofungwa minyororo wakauzwa kupiga makasia merikebuni. Na Pasaka moja vijana wa makanisa yale mawili walikutana darajani na magongo, kisa familia moja imevunja makubaliano, na kaka wa babu yake akatobolewa jicho. Hayo niliyaacha pale pale jikoni, nikaondoka na habari ya supu.

Mke wangu alikuwa anakuna nazi nilipomweleza kwamba na sisi tufuate sheria hiyo. Akasimamisha mkono, akaniuliza kama hilo ni neno langu. Nikaapa kwa Biblia kwamba ni neno langu. Jamani, niseme ukweli: nilikuwa na hakika atazaliwa wa kiume. Kwetu tumezaliwa wavulana watupu, sita, kwa hiyo nikajiona nimeshamshinda bila jasho.

Akazaliwa binti.

Miezi mitatu wenzangu kanisani walinichokoza kwamba mke amenikalia kichwani. Jumapili ya ubatizo niliaga kwamba naenda kazini. Nikafika kituo cha matatu, nikageuka.

Nilipoingia kanisani kwao, shemeji ndiye aliyempakata mtoto, mke wangu anamvua kofia, padri ameshachota maji. Nikamshika mtoto mguu. Mguu wa mwanangu mwenyewe, wa miezi mitatu, nikauvuta. Shemeji akanigeuzia mgongo ili amkinge. Nikanyakua kinara cha mshumaa, cha shaba, nikampiga nacho begani mara mbili, na ya pili nikasikia mfupa ukivunjika. Alianguka kwenye ngazi za altare, kichwa kikapasuka, damu ikalowesha shali nyeupe ya mtoto, lakini mikono hakuifungua. Akina mama wakanishukia kwa viatu. Jino langu moja lilibaki pale.

"Mbatize, padri," shemeji akasema, akiwa amelala chini.

Padri akapiga magoti akambatiza hapo hapo sakafuni, katika mikono ya mjomba wake. Mke wangu hakuniangalia hata mara moja.

Shemeji alilazwa hospitali ya Msambweni. Kwa polisi hakwenda, akasema hawezi kumfunga baba wa mpwa wake. Alikuwa fundi wa kuezeka makuti. Mkono wa kulia haupandi tena juu ya sikio, siku hizi anauza madafu. Mke wangu alikaa kwa kaka yake mwaka mzima kabla hajarudi. Bibi wa Hungaria naye alirudi hotelini, akaniuliza kuhusu mtoto. Nikasema ni wa kike na mambo ni sawa. Akatazama pengo langu, akachukua yai lake, akaenda kukaa.

Mtoto wa pili akawa wa kiume. Habari ya ubatizo nilimwachia mama yake. Niliona aibu, na nilijua mwenye kuvunja neno hana la kudai.

Jumapili moja nimekaa benchi la nyuma kanisani kwetu, mlango ukafunguliwa. Mke wangu, ambaye hakuwahi kukanyaga mle ndani, akaingia na medali yake ya Bikira Maria shingoni, mtoto amemvika nguo nyeupe. Shemeji alikuwa nyuma yake. Mke wangu akaniwekea mtoto mapajani.

"Wa kiume ni wa baba," akasema. "Tulikubaliana."

Mchungaji akaniita nimlete mtoto mbele. Nilibaki benchini. Nililia pale mbele ya watu wote, mwanamume mzima. Shemeji akanishika kwapani kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, akaniinua.