Jiko la Nereida Lililohamia Bondeni

Nereida Collazo alianza kuwapikia watoto wa shule ya Cerro Hondo mwaka ambao mwanawe alikuwa darasa la kwanza humo humo. Shule ilipotangazwa kufungwa, mwanawe huyo alikuwa baba wa watoto wawili na ameshahamia Florida kutafuta kazi, kama vijana wengi wa milimani Puerto Rico miaka ile. Serikali ilikuwa imefilisika. Kila redio ilipofunguliwa kulikuwa na jipya la kukatwa: mara malipo ya wazee, mara zahanati, na mwaka ule zamu ikawa ya shule.

Walipambana. Akina mama walijifunga minyororo getini, wakagonga masufuria mpaka mikono ikafa ganzi, na Nereida akatoa sufuria yake kubwa kuliko zote ili nayo ipigwe. Mtu wa wizara alikuja, akawasikiliza kwa adabu, akawaambia watoto wamepungua na fedha hakuna, akaondoka. Shule ilipofunga kwa likizo, geti likatiwa kufuli na halikufunguliwa tena.

Lakini kilichomchoma Nereida si kufuli. Kilichomchoma ni kwamba shule ya Quebrada Fría, kule bondeni, ilibaki. Watoto wao walikuwa wachache vilevile, na paa lao lilivuja kuliko la Cerro Hondo. Na mpishi wa kule alikuwa Carmín Feliciano.

Carmín alikuwa mwanamke wa kucheka. Kwenye sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, watu walipita meza ya chakula ya Nereida wakimsalimu vizuri tu, kisha wakaenda kupanga foleni kwa Carmín. Nereida alikuwa amelimeza hilo mwaka hadi mwaka. Safari hii lilimkwama kooni.

Siku moja, dukani kwa bibi mmoja wa mlimani, Doña Provi, watu walikuwa wakiulizana kwa nini bondeni wamesalimika. Nereida, akichagua vitunguu, akasema bila kuinua uso, "Si shemeji yake Carmín yuko kwa meya?"

Shemeji alikuwa kwa meya kweli, akiosha magari ya taka, na Nereida alilijua hilo. Ila hakuona haja ya kulisema. Kabla likizo haijaisha, Cerro Hondo nzima ilikuwa inajua kwamba shule yao iliuzwa na ukoo wa Feliciano, na mtu aliyeuliza ushahidi alitazamwa kama mgeni.

Agosti watoto wa mlimani wakaanza kushuka bondeni kwa basi, na Nereida akapangiwa huko huko, awe msaidizi wa Carmín. Aliingia jikoni asubuhi ya kwanza akasimama mlangoni. Lile jiko pale ukutani lilikuwa lake. Lilikuwa limeletwa na lori la wizara pamoja na masufuria yake, na ubavuni bado lilikuwa na mbonyeo ulioachwa na mafundi siku walipolipandisha mlimani.

"Karibu, dada," Carmín alisema, akimvutia kiti. "Nimekuwekea upande wa dirishani, kuna upepo. Jiko lako nimelisugua, lakini ule moto wa kushoto unanishinda. Unazimika tu."

Nereida alijua dawa yake. Ulikuwa unataka kufunguliwa hadi mwisho, kisha urudishwe nusu.

"Utalizoea," akajibu, akafunga aproni.

Hakumwambia. Kila Carmín alipohangaika na ule moto akicheka na kulilaani jiko, Nereida alimenya ndizi mbichi akasikia raha ndogo, chungu. Ilikuwa raha pekee aliyobaki nayo. Maana wiki ile ile ya kwanza, Zuleyka, binti mdogo wa Cerro Hondo ambaye siku zote alimganda Nereida akiomba ukoko wa wali, alipita mbele yake na sahani, akaenda kusimama kwa Carmín.

"Mimi hunijui tena?" Nereida alimuuliza, akijitia kufanya utani.

"Nakujua," mtoto akasema. "Ila ukoko wake ni mwembamba. Unavunjika kama biskuti."

Nereida alitabasamu. Chakula chake cha mchana siku hiyo alikila stoo, peke yake, amekaa juu ya gunia la maharage. Wali ulikuwa wa Carmín. Alikwangua hadi ukoko, na mtoto alikuwa kasema kweli.

Mwaka uliofuata redio ikasoma majina mengine ya shule za kufungwa. Walikuwa wanakatakata kuku wakati Quebrada Fría ilipotajwa. Carmín aliweka kisu chini akaketi, na hakucheka. Nereida naye akasikia kitu kikimtekenya kifuani, ikamchukua muda kutambua kwamba ni furaha. Kisha akakumbuka kwamba kibarua ambacho kingepotea ni chake pia, na kwamba Zuleyka na wenzake wangepelekwa mjini, mwendo wa kutapisha kwa ile barabara. Aliogopa. Lakini ile furaha haikuondoka yote.

Carmín alimwomba kitu kimoja tu: awalete watu wa mlimani waje kuandamana. Bondeni peke yao walikuwa wachache mno kusikika.

Nereida akapanda hadi dukani kwa Doña Provi, akaeleza. Mzee huyo alimsikiliza huku akipanga makopo.

"Wana mtu wao kwa meya," akasema. "Si akawaokoe tena?"

"Lile nililisema mimi, Doña Provi. Shemeji yake anaosha magari. Hana uwezo wa kuokoa hata ndoo."

"Sasa ndiyo unasema hivyo. Kwa kuwa unakula kwao."

"Nasema kwa kuwa nilijua tangu siku ile."

Doña Provi akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyehongwa kwa bei rahisi. "Mwanangu, waache nao waonje," akasema. "Sisi walikuja kutugongea sufuria?"

Hawakuja, ni kweli. Alipita nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ikamrudishia maneno yake mwenyewe, yamenona kuliko alivyoyatoa. Serikali iliyofunga shule haikutajwa na mtu. Walioshuka naye siku ya maandamano ni Wilfredo mumewe, mama yake Zuleyka, na fundi mmoja wa mabomba aliyependa ghasia.

Waligonga masufuria getini, juani na mvuani. Watu wa televisheni wakaja wakapiga picha, na haikupita muda wizara ikatangaza kwamba Quebrada Fría imepewa nafasi nyingine na haitafungwa, bila kusema kwa nini.

Carmín alimrukia Nereida shingoni akilia na kucheka. Nereida akamkumbatia kwa mikono miwili, akampigapiga mgongo, na machozi yakamtoka naye. Kila mtu alidhani ni ya furaha.

Wakirudi mlimani garini, Wilfredo alimtupia mkewe jicho. "Mke wangu, si tumeshinda? Na kazi yako imepona."

"Najua."

"Basi?"

"Sisi tuligonga vilevile, Wilfredo. Kwa nini wao?"

Wilfredo alipunguza mwendo kwenye kona, akabadilisha gia, na Nereida akageukia dirisha.

Kesho yake alifika kazini kabla ya mwenziwe. Akawasha jiko, akakata vitunguu na pilipili hoho, akabandika maharage. Carmín alipoingia alimkuta kashaanza, akamshukuru, akauliza wali wapike kiasi gani. Watoto walipopanga foleni saa ya chakula, mstari wa Carmín ulikuwa mrefu kuliko wake, na Nereida, akipakua, aliutazama hadi ulipokwisha.