Siku Nilipoiamuru Kompyuta Iondoe Kifini

Wengine aibu huwakuta barabarani, au mbele ya wakwe, au harusini nguo imeshika mlangoni. Mimi yangu ilinikuta jikoni kwangu Sparkbrook, nimekaa kitako, kikombe cha chai mkononi, na ikasomwa na watu wa nchi nne kabla chai haijapoa. Naisimulia mwenyewe kwa sababu nisipoisimulia mimi ataisimulia Mama Hina, na Mama Hina anatia chumvi.

Mimi ni Msomali wa Nakuru. Kiswahili ndicho nilichochezea utotoni, na nilipofika Birmingham ndicho nilichofanyia biashara: napika vyakula vya shughuli, sambusa, mahamri, pilau, mtu akiwa na harusi au arobaini ananipigia simu. Mwaka wa elfu mbili na tisa binti yangu Zahra, aliyekuwa akisoma chuo kule Selly Oak na kukaa huko huko na wenzake, alinifungulia ukurasa kwenye ule mtandao wa marafiki ambao kila mtu alikuwa ameuingia, akaniwekea lugha ya Kiswahili, akaniambia wateja watanipata hapo. Na kweli walinipata. Tatizo ni kwamba Wafini nao walinipata.

Wafini waliletwa na mdogo wangu Ubah. Yeye anaishi Ufini, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na ni mtu wa watu, anapendwa na kila anayefanya naye kazi. Mmoja wao aliniomba urafiki, nikakubali, maana nitamkataaje mtu anayekula meza moja na dada yangu. Akaja wa pili, nikakubali. Baada ya hapo wakaja kama waliopanga foleni, nami nikawa nabonyeza kubali, kubali, kubali, mpaka ikawa nikifungua ukurasa asubuhi ni Kifini kutoka juu hadi chini, maneno marefu kama treni ya mizigo, na vidoti juu ya herufi. Kulikuwa na mmoja anaitwa Ritva, huyo ndiye alikuwa kiboko yao: sauna, mbwa, theluji, mbwa ndani ya theluji, kila siku ya Mungu. Na katikati ya theluji hiyo ndimo zilimokuwa oda zangu.

Sasa, Mama Hina. Huyu ni Mhindi wa Kisumu, Mgujarati, anaongea Kiswahili mpaka unasahau mko Uingereza, na binti yake Hina alikuwa anachumbiwa na kijana wa Leicester. Shughuli ilikuwa Jumapili, kwenye ukumbi mmoja karibu na Stratford Road, na chakula nilipewa mimi. Tulikuwa tumekubaliana kwa simu: sambusa za kuku, kuku wa kupaka, mahamri. (Mambo ya ng'ombe kwa Wahindi nilikuwa nayajua tangu Nakuru, kwa hiyo nilijiona mtaalamu.) Jumatatu akaniandikia barua kwenye ukurasa, na mimi nikaja kuiona Alhamisi asubuhi, imefukiwa chini ya mbwa wa Ritva. Ilianza kwa Kiswahili, "Mama Zahra, nimeongea na watu wa Leicester, wamesema," halafu ikavuka ikawa Kigujarati, mistari mizima, halafu ikarudi mwishoni, "si utaweza?"

Mimi Kigujarati sijui. Lakini siku zilikuwa zimepita bila kumjibu, niliona haya, na nilidhani ni mambo ya viti au ya saa ya kufika. Nikamwandikia, "Sawa kabisa, Mama Hina, usijali."

Ningempigia simu tu. Badala yake nikawakasirikia Wafini. Nikasema leo hawa watu wanatoka kwangu. Ningemwita Zahra anisaidie, ila Zahra ukimwuliza jambo la kompyuta anavuta pumzi kwanza, kama daktari anayetaka kukupa habari mbaya, halafu anakujibu kwa Kiingereza cha mbio mbio na mausi imeshafika kwingine. Nikaamua nitafanya mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa hatua moja ndogo, na yaliyofuata yote yalitoka humo.

Juu kabisa ya ukurasa kulikuwa na kiboksi, na ndani ya kiboksi maneno haya: Unafikiria nini? Nikasema, afadhali, kumbe wana mahali pa kupokea malalamiko. Nikaandika:

"Nafikiria Kifini kiondoke. Tafadhali ondoa maneno yote ya Kifini kwenye ukurasa wangu. Asante."

Nikabonyeza. Maneno yangu yakatokea juu pamoja na jina langu na picha yangu, nikadhani ndiyo wamenipokelea, kama unavyopewa namba ofisi za baraza la mji. Nikanywa chai. Nikashuka chini kutazama: Ritva yuko pale pale. Nikaandika tena:

"Sijaona mabadiliko. Anzeni na Ritva. Sauna na mbwa nimechoka. Ubah mwacheni kwa sababu ni dada yangu, lakini mpunguzeni, anajisifu sana tangu anunue lile gari."

Kimya. Mtu akinyamaziwa anaongeza sauti, ndivyo nilivyo mimi. Nikaandika ya tatu:

"Pia Kifaransa cha Papa Selestini wa Aston kuhusu mpira kiondolewe, hakuna aliyemwuliza. Mama Hina msimguse, ni mteja. Akianza Kigujarati mimi humjibu sawa kabisa na sielewi hata neno moja, lakini hiyo nitavumilia."

Nikafunga kompyuta, nikaacha simu kwenye chaji, nikachukua kikapu nikaenda Ladypool Road kununua kuku wa Jumapili.

Dukani nikamkuta Papa Selestini mwenyewe. Ni Mkongo, mtu mpole, anafanya kazi kiwandani Aston, na siku zake za mapumziko huja kununua samaki huku kwetu. Alivua kofia.

"Mama Zahra, bonjour," akasema. "Ao nisikusalimie na Kifaransa tena?"

Nikacheka kwa adabu, sikuelewa. Akaendelea, "Miye nilisoma. Ya mpira nitapunguza, hakuna shida."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye ukurasa yako. Nilikuwa maktaba sasa hivi. Watu wote tulisoma."

Alisema watu wote. Niliwabeba wale kuku nikatembea kwa ule mwendo ambao si kukimbia lakini si kutembea, na njia nzima kila mwanamke aliyetabasamu nilihisi anatabasamu kwa ajili yangu (pengine wengine walikuwa wanatabasamu tu, hali ya hewa ilikuwa nzuri).

Nikamkuta Zahra jikoni. Alikuwa amenipigia simu weee, sikupokea, akapanda treni na basi akaja. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yake.

"Mum," akasema, na safari hii hakuvuta pumzi, alikuwa amekwisha kuivuta yote njiani. Akanieleza kwa Kiingereza, taratibu, kwamba kile kiboksi si cha kutoa amri. Ukiandika pale unawaandikia watu wote.

"Wote nani?"

"Wote," akasema, hilo kwa Kiswahili, nisije nikakosea.

Akanionyesha majibu. Binamu yangu wa Kanada alikuwa ameandika kwamba na yeye aondolewe tafadhali. Watu wa Nakuru walikuwa wanacheka mistari kwa mistari. Mwalimu wangu wa darasa la tano, mzee ambaye sikujua hata kama ana kompyuta, alikuwa ameandika: "Shukri, hukubadilika."

"Futa," nikamwambia Zahra. "Futa zote."

Kabla hajafuta simu ikalia. Ubah.

"Abaayo," akasema, ndivyo Wasomali tunavyomwita dada, "kwa hiyo nipunguzwe."

"Ubah, nilikuwa naiambia kompyuta."

"Ungeniambia mimi. Gari nimelinunua baada ya miaka mingi ya kusimama kituoni kwenye barafu. Nilitaka uone. Na Ritva ameona jina lake, ananiuliza umeandika nini. Nimwambie nini?"

Gari lile mimi nilikuwa nimeliona kama majivuno, kumbe lilikuwa linaletwa kwangu nilishangilie. Nilimwomba radhi, akasema atanipigia baadaye, sauti yake haikuwa na ugomvi na hilo ndilo lilinichoma zaidi. Nikiwa bado nimeshika simu, mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Hina.

Aliingia akaketi bila kuvua koti. Zahra akajidai anaosha kikombe.

"Mama Zahra," akasema, "sikuja kwa ubaya. Nimekuja na swali moja. Jumatatu nilikuandikia nini?"

Nikatazama kitambaa cha meza. "Uliandika habari za watu wa Leicester."

"Watu wa Leicester wamefanya nini?"

Ningeweza kubahatisha viti. Nilifikiria sana kubahatisha viti. Lakini yule mama alikuwa ananitazama, na aibu ilikuwa imekwisha kunimaliza, haikubaki heshima ya kulinda.

"Sijui," nikasema. "Sikuelewa hata kidogo."

Akageuza kichwa akaona kuku wangu kwenye sinki. Akawatazama kwa muda, halafu akaweka mkono kifuani.

"Niliandika hawali nyama," akasema polepole. "Nyama yoyote, hata kuku, hata yai. Bibi yake kijana hakai meza moja na sahani ya kuku. Niliandika, badilisha kila kitu kiwe cha mboga. Nikaandika kwa Kigujarati kwa sababu nilikuwa nakunukulia maneno ya bibi mwenyewe. Na wewe ukaniambia nisijali."

Sote watatu tulikuwa tunaona Jumapili ile, bibi ameketi mbele, sahani inafunuliwa.

"Mimi nilikuwa nimetulia kabisa," Mama Hina akasema. "Nimewaambia mpishi anajua kila kitu. Usingeandika ule upuuzi leo, mtoto wangu angeachwa mezani." Na hapo akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, mpaka akavua koti, mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikaona njia imefunguka nikacheka naye, na Zahra akamalizia kwa kuvunja kikombe.

"Nizifute sasa?" Zahra akauliza.

"Usifute hata herufi," akasema Mama Hina. "Zimeniokoa."

Kuku tukawapeleka friza. Mimi na Mama Hina tukaanza upya pale pale mezani, yeye anataja, mimi namrudishia maneno yake mpaka aseme ndiyo: sambusa za viazi na njegere, mbaazi za nazi, muhogo wa kukaanga na pilipili na ndimu, mahamri bila yai, na sufuria mpya ambazo hazijaonja nyama tangu zizaliwe. Ijumaa na Jumamosi sikukaa chini. Zahra alikunja sambusa, yeye ambaye husema sambusa hununuliwa dukani.

Jumapili nilikuwa nyuma ya ukumbi nikichungulia. Yule bibi wa Leicester, mdogo wa umbo, sari nyeupe, alionja mbaazi. Akaonja tena. Akamwita Mama Hina, na kwa Kiswahili safi (kumbe kazaliwa Jinja, Uganda) akasema, "Aliyepika hizi yuko wapi? Tangu tutoke kule sijala mbaazi zenye ladha hii."

Mama Hina alinivuta mkono mpaka katikati ya ukumbi, aproni na yote, akachukua kipaza sauti, na badala ya kunisifu akawasomea watu zile amri zangu tatu kutoka kichwani, moja baada ya nyingine, akitafsiri kwa Kigujarati na Kiingereza. Nilitaka sakafu inimeze. Ukumbi ulicheka mpaka watu wanashikana mabega, halafu akasema, "Na ndiyo maana leo mmekula vizuri," wakasimama kunipigia makofi, na bibi alikuwa wa kwanza kusimama. Sijawahi kuchekwa vile, na sijawahi kutoka mahali nimeinua kichwa vile.

Nyumbani kulikuwa na ujumbe. Ubah alikuwa amemtafsiria Ritva kila kitu, hakuficha, na Ritva alikuwa ameketi na kamusi akaniandikia: "Habari Shukri. Mimi ni Ritva. Mbwa anasema pole sana." Nilimpigia Ubah papo hapo, nikamwambia anitumie picha zote za gari, ndani na nje, na alizituma, na nilizisifu moja moja mbele ya watu wote wanaosoma ukurasa wangu.

Zahra ndiye aliyenionyesha dawa yenyewe, na ilikuwa rahisi mpaka nikaona uchungu: pembeni ya kila alichoandika mtu palikuwa na neno Ficha. Unabonyeza, mtu anabaki rafiki yako, hajui lolote, ila maneno yake hayakufikii tena. Niliwaficha Wafini mmoja mmoja mchana mzima, kwa heshima, na Ritva nikamwacha. Siku hizo hizo wanawake wakaanza kunijia na kompyuta zao za kubeba, huyu amejaa Kituruki cha jirani, yule Kireno cha shemeji, nami nikawaonyesha Ficha iko wapi huku tukinywa chai, na wengi walitoka na oda ya mahamri.

Nimeapa, na kiapo changu nakishika mpaka leo: simwambii mtu sawa kabla sijajua ni sawa ya nini. Nilikijaribu mapema. Kabla mwezi haujaisha mtu wa Leicester aliniandikia ukurasani kwa Kigujarati, marefu, na mwisho alama ya kuuliza. Zahra alikuwepo, akanitazama nitafanya nini. Nikaandika chini yake, mahali ambapo kila mtu ataona: "Sijaelewa hata neno moja. Tafadhali nipigie."

Simu ililia kabla sijainuka kitini. Alikuwa yule bibi mwenyewe. Harusi ya mjukuu wake na Hina, alisema, hataki mpishi mwingine. Nikavuta kiti, nikamwomba anitajie chakula kimoja kimoja, polepole, kwa Kiswahili.