Hitima ya Mpiga Mieleka

Kishindo cha mwili wa mtu mzima ukianguka juu ya mbao: hiyo ndiyo sauti ya utoto wangu. Wenzangu tukikaa kukumbushana ya udogoni hutaja adhana ya alfajiri au mchi wa mama zao, na mimi hunyamaza, kwa sababu najua nikitaja ya kwangu watacheka. Nimechoka kuchekwa. Kishindo kile kilitoka kwenye televisheni ya fleti yetu ya Wembley kila Jumamosi alasiri, madirisha yamefungwa kwa baridi, chumba kimejaa harufu ya udi na vitunguu vya kukaanga. Kwanza yalilia magitaa ya umeme, makali mpaka glasi kabatini zikatetemeka, kisha umati wa Wamarekani ukapiga mayowe, na juu ya mayowe yote ikapanda sauti ya bibi yangu mzaa mama, Bibi Riziki wa Pemba, akijipiga paja: "Mbwage huyo! Mbwage, asikuchezee!" Halafu hapo hapo, "Astaghfirullahi," na tasbihi ikaendelea pale ilipoishia.

Bibi aliletwa London na mama yangu akiwa mtu mzima tayari, na jiji hili hakulijua wala halikumjua. Kiingereza hakuwa nacho. Baba alikuwa kazini uwanja wa ndege, Mama alikuwa kazini akiwaosha na kuwalisha wazee wa watu, na Bibi peke yake hakuweza hata kwenda dukani kununua chumvi, kwa kuogopa kupotea. Lakini Jumamosi na Jumapili asubuhi mambo yalikuwa mengine. Alitandika mkeka sebuleni, akachukua kijiti chake cha kuonyeshea herufi, na watoto wa Kizanzibari wakaja kusoma Kurani, wa Wembley kwa miguu, wengine wakiletwa kwa treni kutoka mbali. Nje ya mlango wetu alikuwa kikongwe mwenye buibui asiyejua basi gani linakwenda wapi. Ndani alikuwa Mwalimu, na baba za watu waliinama kumpa mkono. Chuo kile cha Kurani ndicho kitu pekee alichokuwa nacho nchi hii, na nataka msomaji alishike hilo kabla sijaendelea, kwa sababu nikifika mbele nitakuwa na hasira na huenda nisilieleze vizuri.

Adhuhuri watoto wakienda zao, tulikula, na baada ya kula ndipo mieleka. Bibi alikuwa na mtu wake mmoja tu. Jina lake la ulingoni lilikuwa la Kiingereza, lenye maana ya ngurumo, na nyumbani kwetu akaitwa Ngurumo, hata wanafunzi wa chuoni walimjua kwa jina hilo, maana Bibi hakuacha kumtaja. Alikuwa pande la mtu, nywele mpaka mabegani, suruali nyeusi ya ngozi. Kabla ya kila pambano magitaa yalinyamaza ghafla, naye akasimama katikati ya ulingo, akafumba macho, akanyanyua kidole kimoja juu. Kidole cha shahada. Siku ya kwanza Bibi alipokiona alinishika mkono akaniumiza. "Umemwona? Anashahadia huyo! Muislamu yule, masikini, yuko peke yake na makafiri wote wale." Mimi nilikuwa mtoto mdogo, na kwangu neno la Bibi halikuwa na mjadala. Tangu siku hiyo tulikuwa hatutazami mchezo tena, tunamtazama mtu wetu.

Kuna watu, na wengine ni marafiki zangu, ambao hawawezi kusikia habari ya mieleka ya televisheni bila kuniambia kwamba ni uwongo. Wanalisema kwa upole, kana kwamba wananipa habari ya msiba. Jamani, ninajua! Ninajua wanapanga nani ashinde. Lakini yule mtu ameanguka kweli, kwa mgongo wake mwenyewe, juu ya mbao zenye godoro jembamba kama la hospitali, na aliyemwinua hewani ameshika roho ya mwenzake mikononi. Mbona mwanamuziki wa roki akivunja gitaa lake jukwaani hamumwambii kwamba anaigiza hasira? Mbona mkitoka kwenye sinema mnafuta machozi na hakuna anayewacheka? Ni mieleka peke yake ndiyo inayotakiwa kuomba radhi kwa kupendwa, na siku zote wanaochekwa ni wanawake, watoto na watu wasiojua Kiingereza.

Basi msimu ule wa baridi wakamuua Ngurumo. Ndivyo tulivyoona sisi. Maadui zake walimvamia kwa viti vya chuma, wakampiga mpaka akawa hatikisiki, wakamtia ndani ya jeneza jeusi, wakapiga misumari. Taa za ukumbi zikazimwa. Mtangazaji alizungumza kwa sauti ya majonzi, na Bibi akanitaka nimfasirie. Nilimwambia nilichosikia: kwamba hatutamwona tena. Bibi alilia, na mimi nililia. Kisha akasema jambo ambalo hata leo sioni kasoro yake: "Hawajamwosha wala hawajamsalia. Nani wa kumsomea kule?"

Akaamua kumsomea yeye. Mama aliporudi kutoka kazini aliambiwa kwamba amekufa kijana wa Kiislamu Marekani, hana mtu, na Bibi anataka kumtolea hitima. Mama hakuuliza zaidi, maana kwa watu wetu, waliotawanyika dunia nzima, maiti asiye na mtu ni jambo la kawaida na hilo la kumsomea halihojiwi. Simu zikapigwa. Ijumaa wakaja wanawake kutoka Hayes na kutoka Barking, wengine wamebadilisha treni mara kadhaa na masufuria mapajani, wakajaa chumba cha kulala, pazia limeshushwa mlangoni. Wanaume walikaa sebuleni, na mimi mtoto nikawa naingia na kutoka kote kuwili. Juzuu za Kurani zikagawanywa, kila mtu na yake, na fleti nzima ikavuma kwa kisomo. Nasema kweli, sijapata kusikia tena nyumba ikivuma vile. Mtu mmoja asiyejulikana alisomewa kama mtoto wa mtu mkubwa.

Aliyeongoza alikuwa Ami Hilali, kaka yake Baba, mkubwa wa jumuiya yetu na mtu wa kujipiga kifua. Kisomo kilipokwisha akanyanyua mikono kwa ajili ya dua, na kama ilivyo desturi, akauliza jina la marehemu ili thawabu zimfikie mwenyewe. Kutoka nyuma ya pazia Bibi akajibu kwa sauti ya wazi kabisa: "Ngurumo. Ngurumo bin Hawa, mama yake hatumjui." Hivyo ndivyo inavyofanywa: asiyejulikana mama yake hunasibishwa na mama yetu sote. Bibi alikuwa amelifikiria hata hilo. Lakini wanawe Ami walikuwa wamekaa pale zuliani, nao walikuwa wanafunzi wa Bibi. Wakaangua kicheko. Mkubwa wao akasema kwa Kiingereza, maana watoto wa hapa ukiwasemesha Kiswahili hukujibu Kiingereza, kwamba huyo ni mtu wa mieleka, na hajafa, anaigiza.

Sasa nisikilizeni. Ami Hilali angeweza kusema "na maiti wetu wote wa Kiislamu," akapangusa uso, na mambo yakaisha. Thawabu zisingekosa pa kwenda. Mtu mwenye haya angefanya hivyo, kwa sababu aliyekosea ni kikongwe, yuko nyumbani kwake, na amekosea kwa huruma. Ami aliteremsha mikono akacheka. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka, na wanaume wote wakacheka naye, na baba yangu, Mungu amrehemu, akatazama zulia. Kisha Ami akageukia pazia: "Bi Riziki! Umetukusanya watu wazima kumsomea kafiri wa televisheni?" Akawageukia wanaume wenzake. "Basi mtu asiyejua maiti na mchezo," akasema, "atawasomesha nini watoto wetu?" Na baada ya kusema hivyo, wakaomba pilau, wakala. Wakaongeza na kachumbari. Nikikumbuka hivyo vidole vyao ndani ya sinia ya pilau aliyopika Bibi, natamani ningekuwa na nguvu za Ngurumo siku ile.

Jumamosi iliyofuata Bibi alitandika mkeka wake kama kawaida. Hakuja mtoto hata mmoja. Ami alikuwa amewapigia simu wazazi wote, na muda si mrefu akafungua chuo kingine kwenye ukumbi wa kukodi, mwalimu mwanamume, viti na meza. Bibi aliendelea kutandika, Jumamosi baada ya Jumamosi, akakaa na kijiti chake akinisomesha mimi peke yangu, macho yako mlangoni. Mama alitaka kwenda kugombana, Baba akamzuia: kaka yake mkubwa huyo, tutasemaje. Majira ya kuchipua yalipoingia, Ngurumo akarudi. Magitaa yalilia, jeneza likapasuka, na yeye huyo katoka mzima, kidole juu, umati unataka kuvunja ukumbi. Nilipiga ukelele: "Bibi, yuko hai! Bibi, njoo utazame!" Alikuwa jikoni. Alikuja mpaka mlangoni, akamwona, akageuza uso wake. "Zima," akasema. Hakutazama mieleka tena mpaka alipokufa, na watoto wa watu hakuwasomesha tena.

Mimi sikuzima. Nilipokua nilimtafuta aliyepiga yale magitaa, na kwake nikaingia kwenye roki, sikutoka mpaka leo. Nimekwenda kwenye tamasha uwanja wa Wembley, ule tuliokuwa tukiuona dirishani kwetu, nimefunga mtandio wangu, nimesimama katikati ya wanaume wenye ndevu na michoro mikononi, na hakuna aliyenicheka. Waliosema ni wa kwetu. Eti huyu binti wa marehemu fulani anasikiliza muziki wa mashetani, na mwanamke mzima anashabikia watu wanaobwagana! Naam, nasikiliza, na nashabikia.

Lakini njooni msimu wa vuli muone nyumbani kwa Ami Hilali. Timu za mpira wa Kimarekani huja kucheza London, na yeye na wanawe wote, watu wazima wenye wake zao, huvaa mashati ya timu ya mji ambao ukiwapa ramani hawauoni. Mchezo wenyewe naupenda, sitaki kusema uwongo. Wale watu wa helmeti wanagongana kwa haki, na nikiwaona wamejipanga uso kwa uso huona mieleka iliyopigiwa mistari ya chokaa. Kinachonichoma ni Ami. Vuli iliyopita nilikuwepo sebuleni kwake mrushaji wao wa mpira alipoumia goti. Mzee yule alinyanyua mikono mbele ya televisheni, machozi yanamlenga, akasema, "Ya Rabbi, mponye mja wako," na chumba kizima kikaitikia amina. Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeuliza kama yule ni Muislamu. Hakuna aliyesema kwamba mtu wa namna hii asiachiwe watoto. Walimsifu kwa moyo wake laini, wakamletea chai. Kumbe kosa la bibi yangu halikuwa kumwombea mgeni wa kwenye televisheni. Kosa lake lilikuwa kwamba alikuwa hana wa kumtetea.

Mwaka huu Ami alijaliwa kwenda Hija, na kama wanavyofanya wanaosafiri, alizunguka nyumba kwa nyumba kutaka radhi. Kwangu alipanda ngazi kwa taabu, na fimbo yake, akakaa, akanywa maji. "Mwanangu," akaniambia, "niwie radhi kama nimekukosea."

"Kwa lipi, Ami?"

"Kwa lolote. Binadamu hakosi."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo maisha yangu yote. Nikamweleza. Nilimweleza kidole cha shahada, na jeneza, na wanawake wa Hayes na Barking, na alivyocheka, na simu alizowapigia wazazi, na Bibi peke yake juu ya mkeka. Sikupandisha sauti. Alinisikiliza kwa makini, paji la uso amelikunja. Nilipomaliza akaniuliza, "Hitima gani hiyo?" Hakukumbuka. Wallahi, hakukumbuka! Alijaribu, nikamwona akijaribu, halafu uso ukamfunguka. "Hitima ya mpiga mieleka?" Akaanza kucheka, kama mtu anayesikia kichekesho kwa mara ya kwanza, mpaka akapaliwa na kikohozi na ikabidi nimpe maji mengine. "Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Riziki," akasema akifuta macho. "Alikuwa na vituko!"

Nikamwambia, "Ami, yangu nimekusamehe. Ya Bibi si yangu, na mwenyewe hakuniachia ruhusa." Sidhani kama alisikia zaidi ya lile neno la kusamehe. Alinishukuru, akanishika kichwa akaniombea dua, akainuka. Nilimfungulia mlango nikasimama pale, na nikamsikia akiteremka ngazi pole pole, kicheko kinamrudia kila baada ya hatua chache. Siku ile ya hitima nilikuwa mtoto, sikuwa na la kusema. Safari hii nilisema yote, na bado alicheka.