Gauni moja la dukani, mapacha wawili, na pateni yangu ya mfuko wa saruji

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi humu ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, ila hii nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Kila nikikanyaga cherehani nacheka mwenyewe mpaka wateja wananiangalia vibaya.

Ninayoandika yametokea nyumbani kwangu, sijaongeza chumvi. Picha msiniombe, wenye magauni wamekataa.

Nipo Kiomboi, Singida. Ni fundi cherehani wa kibarazani: kaptula za shule, kupunguza suruali, kubadilisha zipu, na msimu wa alizeti nashona viroba vilivyopasuka. Shule niliiachia form two wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo zangu wawili, Kulwa na Doto, mapacha wa kike. Cherehani ni ya marehemu mama. Nimewalea kwa hiyo hiyo, na sasa wananizidi Kiingereza na hawaachi kunikumbusha.

Mwaka huu walikuwa wanapata kipaimara. Shangazi yetu, dada yake marehemu baba, anaishi Singida mjini. Akatuma mzigo kwa basi. Nikafungua, gauni jeupe.

Moja.

Akapiga simu kueleza kwamba dukani lilikuwa limebaki hilo tu la saizi yao. Kwa hiyo avae Kulwa kwa sababu ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na Doto tumtafutie kitu kingine kizuri. Nikasema asante shangazi. Ningesema nini?

Mliokaa na mapacha mnaelewa. Kwetu ukimpa mmoja umpe na mwenzake, hata kama ni pipi. Doto hakulalamika. Alilishika gauni, akalisifia, akasema yeye atavaa shati lake la shule, si nalo ni jeupe. Kulwa akasema basi na yeye atavaa shati la shule. Gauni likatundikwa kwenye msumari, hakuna aliyelitazama tena.

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Wadogo zangu wasimame mbele ya kanisa zima kwa mashati ya shule, na gauni lipo ndani, eti kwa sababu ni moja.

Mdomo ukaniponyoka. Nikawaambia, "Nitashona la pili. Hata shangazi hatajua lipi lake."

Doto akaniangalia. "Kaka, umewahi kushona gauni?"

Kulwa akamjibu kwa niaba yangu. "Ameshona viroba."

Wakuu, lile gauni halikuwa la mchezo. Satini nzito, mikono mifupi iliyotuna begani, kiuno kimebanwa kwa vikunjo ambavyo huvioni mpaka uvitafute kwa kidole, sketi ya vipande vinavyofunguka chini, bitana ndani, na zipu iliyojificha mgongoni.

Sisi mafundi wa mitaani wengi tunakata kwa macho. Tandika kitambaa, chaki, mkasi. Au mteja akileta nguo chakavu unaifumua vipande, unafuatisha. Hapa kukata kwa macho ningeharibu, na nikilifumua, shangazi naye angenifumua mimi.

Ikabidi nichore pateni, yaani ile ramani ya karatasi unayokatia kitambaa. Sikuwahi kuchora hata moja. Nikaangalia video kwenye simu. Mama wa kwenye video anaongea lugha siijui, nikawa naangalia mikono yake tu.

Karatasi nilipata kwa jirani anayejenga. Mfuko wa saruji ukiufungua una karatasi safi katikati, ngumu, pana. Nikaipangusa, nikailaza juu ya godoro, na gauni juu yake.

Halafu kazi ni hii: unachoma pini kufuata kila mshono, inapita kwenye kitambaa, karatasi mpaka godoro. Ukiondoa gauni, karatasi imebaki na matundu madogo madogo. Unayaunganisha kwa penseli. Kwenye kwapa nilitumia ukingo wa sahani. Unachora nusu tu, nusu ya pili unakunja kitambaa. Mwisho unaongeza nafasi ya mshono kuzunguka.

Nilipoinua gauni nikaona umbo lake limebaki kwenye karatasi ya saruji, nilicheka kama mwehu. Kulwa akaja mbio na mwiko mkononi kuangalia kuna nini.

Mikono ilinitesa. Ile iliyotuna ukiichora ilivyo unapata mkono wa kawaida, umenywea. Dawa yake unaichana karatasi ya mkono vipande, unavitanua kama kipepeo cha kupepea mkaa, unachora upya. Nafasi iliyozidi ndiyo unayoivuta kwa uzi pale begani ikatuna. Nilipoelewa hilo niliacha penseli, nikatoka nje kuzunguka nyumba kwanza.

La majaribio nikashona kwa pazia kuukuu la sebuleni, lenye maua mekundu. Doto alikuwa kisimani, nikamvisha Kulwa juu ya fulana. Likakaa utadhani amezaliwa nalo. Akatoka nje anazunguka, kuku wanakimbia, jirani yetu Mama Jose akamuuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, sasa madirisha yetu yatavaa nini.

Basi siku ya mnada nikapata satini nyeupe gulioni, ya aina ile ile. Haikutosha bitana. Nikafungua sanduku la mama, nikatoa shumizi yake ya satini, rangi ya maziwa, nikaikata iwe bitana ya sketi. Nilikaa nayo kidogo kabla ya kuweka mkasi. Ilikuwa imelala tu pale ndani miaka yote.

Nikakata, nikashona, nikapiga pasi. Siku mbili kabla ya Jumapili ya kipaimara nikamwita Doto.

Zipu haikufunga.

Haikukaribia kufunga, wakuu. Mgongoni pamebaki uwazi wa kiganja. Nikavuta, Doto akavuta pumzi, wapi. Nikawa nauliza kwa sauti, itakuwaje, si mapacha? Mimi sare zao zote nampima Kulwa, nakata mbili.

Doto akasema bila hasira yoyote, "Kaka, maji ya humu ndani nachota mimi."

Nikamwangalia vizuri. Kulwa anapika, Doto anabeba ndoo. Mabega yake yamepanuka, mgongo umejaa, na mimi nimeishi naye nyumba moja na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Kitambaa kimeisha, yamebaki masalia tu, na mnada umeshapita. Doto akaanza kulivua taratibu, akasema haina shida, shati lake tayari lina pasi. Nikamwambia asivue.

Nikatoa zipu. Mahali pake nikaweka vitanzi vidogo vya masalia ya satini pande zote mbili, na kamba ya satini inayopita humo kama ya viatu, na kipande cha kufunika mgongo kwa ndani. Unafunga unavyotaka, mwembamba anakaza, mpana analegeza. Likamkaa Doto mpaka Kulwa akalisifia, na Kulwa hasifii ovyo.

Lakini sasa magauni yamekuwa mawili tofauti. Moja zipu, moja kamba. Na mimi nilisema hata shangazi hatajua.

Wote watatu tukaligeukia lile la kwenye msumari.

Nikalifumua zipu. Gauni la shangazi! Kulwa ndiye aliyeshika taa ya simu. Nikaliwekea vitanzi na kamba kama la mwenzake.

Jumapili nilitangulia kanisani kuwahi viti, wao wakaja na wenzao. Walipopita katikati wamefuatana, weupe, sketi zinafunguka sawasawa, Mama Jose alinifinya mkono mpaka leo kuna alama. Sitaandika kama nililia.

Ibada ilipoisha shangazi akaja. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi," akaitika huku macho yake yakiwa kwa mapacha. Alitazama huyu, akatazama yule. Mwisho akamshika Kulwa, maana ndiye aliyemtumia gauni, akamgeuza, akapitisha mkono kwenye zile kamba.

Akaniambia, "Unaona? Kitu cha dukani utakijua tu kwa mgongo wake. La Doto si baya, umejitahidi baba."

Doto akajificha nyuma yangu kwa kicheko. Kulwa akainama kucheka, upindo wa sketi ukajipindua, nikaona bitana rangi ya maziwa.

Shumizi ya mama. Kulwa alikuwa amevaa la kwangu.

Nikamvuta Doto pembeni, nikamuuliza mbona wamebadilishana. Akasema asubuhi nilipoondoka waligombana kweli kweli, mpaka wakarusha sarafu. Kulwa akashinda.

"Ameshinda nini, na la dukani ndilo lilikuwa lake?"

"Ndiyo hivyo Kaka. Mimi ndiye niliyebaki na la dukani."

Wakuu, nilikaa chini kwenye ngazi za kanisa na suti ya kuazima.

Shangazi tulimwambia ukweli wakati wa kula. Kwanza alinuna kuhusu zipu yake. Halafu akalikagua gauni nje ndani, akafika kwenye bitana, akaitambua shumizi ya wifi yake. Sahani ilipofika mezani alikuwa ameshaanza kuulizia la kwake nitamshonea lini.

Na jana Doto ameniletea kipande cha shumizi kilichobaki. Anataka nifumue bitana ya gauni la dukani, niweke hicho.

Nilichojifunza: pateni inawezekana hata kwa sisi wa viroba, karatasi ya saruji na pini zinatosha. Ila gauni la mtu mpime mwenyewe, hata kama amezaliwa na mwenzake siku moja.

Sasa wataalamu wa humu nisaidieni. Shangazi ana mwili wa kutosha na anataka mikono ile ile iliyotuna. Karatasi naitanua kiasi gani? Na wewe uliyewahi kuiga nguo ya dukani, hasa ikakugomea, weka hapa tucheke pamoja.