Mfuko wa Kudaka Maganda

Siku Rashidi alileta ile turubai, mimi nilikuwa nagombana na mama mmoja juu ya zipu. Yeye anasema zipu yangu imekatika. Mimi namwambia zipu haijakatika, ni mtoto wako anabeba mawe kwa begi ya shule. Soko ya Jericho walinijua hivyo: nashona vizuri na naongea vibaya. Kushona sikufunzwa na mtu. Niliokota begi kuukuu ya jeshi, nikaifumua uzi kwa uzi, nikairudisha, nikaifumua tena, mpaka mkono ukajua. Kuongea nilizaliwa nayo.

Jirani yangu pale sokoni alikuwa Mama Njoki, anauza vitunguu na viazi. Ndiye alimwona Rashidi kwanza.

"Zuhura, ndugu yako huyo. Leo amebeba hema."

"Labda wamemfukuza kambini," nikasema. "Anakuja kulala hapa kwa vitunguu zako."

Rashidi alikuwa mdogo wangu. Mama alitufia mapema, nikamlea mimi, na yeyote aliyemgusa alinipata. Alikuwa jeshi la anga, hapo kambi ya Eastleigh, fundi wa helikopta. Si rubani. Fundi. Helikopta zenyewe zilikuwa za kubeba tu: wanajeshi, magunia ya unga, wagonjwa kutoka kule kaskazini. Yeye alikuwa anaziita punda.

Akaweka turubai kwa meza yangu. "Dada, nataka mkanda. Mpana, unashika mtu kiunoni na mabegani, halafu nyuma uwe na mkia wa kufungwa kwa chuma."

"Mtu mzito kiasi gani?"

"Mtu mzima."

"Anafungwa asitoroke ama asianguke?"

Mama Njoki akacheka. Rashidi hakucheka. Aliangalia nyuma yake, na hapo ndipo nilianza kushuku, kwa sababu huyo kijana hakuwa mtu wa kuangalia nyuma.

Nikashona. Uzi wa kijani uliniishia, nikamalizia na wa rangi ya machungwa. Pale mkanda unapobeba uzito mimi nashona kaboksi, halafu ndani ya kaboksi naweka eksi, nyuzi mbili zinapishana. Hiyo haing'oki hata ukifunga ng'ombe. Vidole viliponiuma nikamfunza yeye. Akakaa kwa debe, akapaka uzi nta, akashona kaboksi mbili tatu zimepinda kama meno ya mtoto.

"Unashona kama unafukuzwa," nikamwambia.

Mara ya pili hakuja sokoni, alikuja nyumbani. Hiyo peke yake nikaiweka akilini. Alikuwa na duara ya chuma, pana kama sufuria ya ugali. Alitaka mfuko wa turubai ushonwe kuzunguka hiyo chuma, mrefu kama mguu wa mtu, na kule chini uwe na vifungo vya kubana, ufunguke haraka ukitaka kuumwaga.

"Kumwaga nini?"

"Vitu."

"Rashidi, toka kwangu na chuma yako."

Akaongeza sauti ya redio. Ndipo akaniambia, mdomo karibu na sikio langu kama anaomba. Kambini wanabadilisha punda. Wanatoa viti, wanatoa mlango, wanasimamisha bunduki kubwa pale mlangoni juu ya nguzo. Nyuma ya bunduki anakaa mtu, miguu nje, na ule mkanda ni wa huyo mtu. Bunduki ikipiga, maganda ya risasi yanaruka, na upepo ukiyabeba yanaenda nyuma kugonga ile panga ndogo inayozunguka kwa mkia. Ikivunjika, helikopta inaanguka na watu wote. Kwa hivyo chini ya bunduki lazima mfuko wa kuyadaka. Vifaa vya ng'ambo havijafika, na mkubwa amesema mafundi wafanye mpango.

"Mkubwa gani?"

"Mkubwa, bana."

"Hana jina?"

"Dada, shona."

"Na ya kumpiga nani? Mimi sijasikia tuna vita."

"Ya mpakani. Wezi wa ng'ombe."

"Kama ni kazi ya serikali, redio ni ya nini?"

Aliokota nyuzi zilizoanguka chini, moja moja, akaziweka mfukoni mwake. Hiyo iliniogopesha kuliko bunduki.

Nilishona. Alikuwa ndugu yangu. Angeniambia nishonee fisi suruali, ningeuliza tu urefu wa mguu. Lakini tangu siku hiyo sikutulia. Mtu akinunua begi bila kuvuta bei, namshuku. Mama Njoki akiuliza, "Ile hema ya ndugu yako iliisha?" nilimkatia: "Kwani wewe unauza viazi ama unauza watu?" Helikopta ikipita juu ya mtaa, naacha mguu kwa cherehani, naangalia kama iko na mlango.

Nikaiona siku moja, ikienda upande wa mtaa wa Baba Dogo. Haikuwa na mlango.

Halafu ikaja ile Jumapili.

Tuliamka na milio. Kwanza nilidhani ni mabati yanapigwa na watoto. Redio ilikuwa inapiga nyimbo za gwaride, halafu sauti ya mtu nisiyemjua ikasema serikali imeanguka, watu wakae nyumbani. Ikarudia. Mitaani wengine wakashangilia, wengine wakakimbilia maduka, wengine wakafunga milango. Mimi nilifikiria mtu mmoja tu.

Baba Njoki, mume wa Mama Njoki, alisimama kwa mlango wao, unaoangaliana na wangu, amevaa koti ya kanisa.

"Rudi ndani, baba," mkewe akamwambia.

"Nimwone tu ndugu yangu hapo barabarani, narudi."

Akaenda.

Milio ikaja karibu. Mara mbali, mara karibu, huwezi kujua ni nani anapiga nani.

Kisha ile sauti. Punda.

Nilitoka nje. Nilijua ni ujinga, nikatoka.

Ilipita chini, juu ya paa za Jericho. Haikuwa na mlango. Mtu amekaa pale, miguu nje.

Sikuona uso. Watu wamenilazimisha niseme niliona uso. Sikuona. Sikuona hata rangi ya uzi. Nilijua tu kwamba kinachomzuia asianguke ni mkono wangu.

Milio ikaja tena. Juu, ama chini. Sikujua.

Helikopta ikaenda.

Baba Njoki walimleta juu ya mlango uliong'olewa, wanaume wanne wamebeba. Koti yake ilikuwa bado imefungwa vifungo vyote. Mama Njoki hakulia. Aliniangalia mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Risasi ilitoka juu."

Kabla ya jua kuzama redio ikarudi na sauti ya zamani: serikali haijaanguka. Wale wa jeshi la anga wakaanza kuwindwa kama panya. Wengine walivua sare wakazitupa kwa mitaro. Asubuhi yake watoto walikuwa wanazungusha kofia zao kwa vijiti. Rashidi hakuja nyumbani. Nilishukuru, halafu nikalia, halafu nikashukuru.

Walimleta wao, wale waliokuwa wanawawinda. Soko ilikuwa imefunguliwa tena, mchana, watu wachache, kila mtu anauza akiangalia barabara. Lori ya jeshi ikasimama. Wakamshusha. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja na alikuwa bila viatu. Mkubwa wao alikuwa ameshika ule mkanda.

Wakatupanga mafundi wote wa kushona. Mimi nilikuwa wa mwisho, karibu na vitunguu.

"Hii ilishonwa nje ya kambi," mkubwa akasema. "Raia gani alikuwa kwa mpango wenu? Onyesha."

"Nilishona mimi mwenyewe, afande."

"Tumeambiwa uko na dada hapa."

Rashidi akanitazama. Kama unavyotazama ukuta.

"Mimi sina dada, afande. Huyu mama simjui."

Nilifungua mdomo. Wanaonijua wanajua mdomo wangu haurudi ukishafunguka. Lakini Mama Njoki alikuwa nyuma yangu, na alinishika nyama ya mgongo kwa vidole viwili, akaipinda, kwa nguvu, kama mtu anafunga bomba ya maji. Huyo mama alikuwa amezika mume wiki hiyo hiyo. Angesema neno moja tu, dada yake ni huyu. Hakusema.

Mkubwa akachukua sindano ya turubai kwa meza yangu, na uzi wangu na kipande cha turubai, akamrushia Rashidi.

"Basi shona."

Akapiga magoti. Vidole vyake vilikuwa havikunjiki vizuri. Uzi ulimshinda kuingiza, akaulowesha na damu ya mdomo wake, ukaingia. Alishona kaboksi. Ilipinda. Akaweka eksi ndani. Ilipinda zaidi.

Mkubwa akaweka hiyo kaboksi kando ya moja iliyo kwa mkanda. Mungu anajua ni bahati gani, kidole chake kilikuwa kwa zile za Rashidi, zile za meno ya mtoto. Akaangalia huku, akaangalia huku.

"Pandeni."

Lori ikaondoka. Mama Njoki akaniachilia mgongo. Hakuongea na mimi tena kwa muda mrefu sana. Tulikaa pale meza kwa meza, kila siku, yeye na viazi, mimi na begi, kama tuko nchi mbili.

Rashidi alifungwa. Nilienda gereza na nguo na sabuni. Askari wa geti akaingia, akarudi.

"Huyo ameandikisha hana ndugu. Wewe ni nani wake?"

Ningesema nini? Nikisema dada, nimemfanya mwongo, na kesi inaanza upya, na mimi ndani. Nikasema nimekosea gereza. Nikarudi tena baadaye, nikasema nimekosea tena. Askari akaniambia, "Mama, wewe unakosea njia sana." Nikaacha.

Miaka ikaenda. Watu wa mtaa walikuwa wananiuliza upande wangu ulikuwa gani. Alikuwa muasi? Aliamriwa? Alipiga? Nilipigana na watu wawili kwa mikono juu ya hilo swali, mmoja mwanaume. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Zile nyuzi alizookota sakafuni, nilikuwa naziona kila nikizima taa.

Halafu mchana mmoja akasimama mtu mbele ya meza yangu, amekonda, shati jipya linalomning'inia.

"Wewe ndiye Zuhura, dada ya Rashidi?"

Hao watu nilikuwa nawajua. Wanakuja wamekonda, wanakuja wamenona, wanauliza kwa upole, halafu jioni lori iko mlangoni. Sikuinua hata macho kutoka kwa sindano.

"Mimi sina ndugu. Umepotea. Toka hapa kabla sijakutoboa."

Akatabasamu. Akavuta debe, lile lile, akakaa.

"Alisema utasema hivyo. Alisema nikitukanwa, nijue nimefika."

Cherehani ilisimama yenyewe.

Alikuwa naye gerezani, chumba kimoja. Rashidi aliugua kifua, mvua iliyopita, akafa. Askari hawakuwa na mtu wa kumwambia, si hana ndugu. "Tulimwosha sisi, Waislamu tuliokuwa pale," akasema. "Mimi nilishika kichwa." Akanitajia alama ya kuungua nyuma ya sikio la kushoto la Rashidi. Hiyo alama nilimwekea mimi na pasi, akiwa mtoto. Hakuna polisi angeijua.

"Aliacha neno moja," akasema. "Niseme vile vile alivyosema: mfuko ulirudi mtupu."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Alisema wewe utaelewa, wewe ndiye fundi."

Nilielewa. Alikuwa yeye pale mlangoni, ama alikuwa ndani akimshikia huyo mtu mkia wa mkanda, sijui. Lakini bunduki haikupiga. Kama ingepiga, maganda yangekuwa kwa mfuko.

Sikungoja kufunga meza. Nilipiga hatua mbili hadi kwa Mama Njoki, nikamwambia yote, haraka, mbele ya wateja wake, jinsi mfuko unavyokaa chini ya bunduki, jinsi unavyodaka, jinsi ulivyorudi. Yeye alikuwa anapima viazi. Alimaliza kupima. Akamfungia mteja, akamrudishia chenji, akajifuta mikono kwa leso.

"Pole na ndugu yako," akasema. Na alimaanisha, macho yake yalilowa.

Kisha akasema, "Si uliniambia chini ulikuwa na vifungo?"

Sikukumbuka nilimwambia lini. Labda siku moja ya kujisifu, kabla ya ile Jumapili. Vifungo vya kubana, vinafunguka haraka, ukitaka kumwaga.

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kupindua viazi zake. Watu wote walikuwa wananiangalia wakingoja nifanye hivyo. Lakini huyo mama ndiye alinishika mgongo ile siku, na mume wake aliyesema anarudi alirudi amebebwa.

"Ndio, mama," nikasema. "Niliviweka mimi."

Nikarudi kwa meza yangu. Mimi namwamini Rashidi. Mama Njoki naye hana sababu ya kuamini, na hajawahi kunidanganya kwamba anaamini. Tunakaa hapo hapo, meza kwa meza. Jua likihama ananivutia turubai yake ya kivuli kidogo, inifunike na mimi.