Nilivyong'arisha gobori la Mzee Walt mpaka nikafuta alichokuwa anakitafuta

Wakuu, salaam kutoka Minnesota. Barafu imenifungia ndani leo, acha niliseme hili linitoke.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijahadithiwa. Wale wa "bila picha ni chai", picha ipo moja, na mbele mtaelewa kwa nini siiweki.

Mimi ni mtu wa Tanga. Huku napiga kazi ya CNC, mashine za kuchonga vyuma kwa kompyuta, kwenye kiwanda kimoja Plymouth. Zile mashine nilifundishwa na Mzungu mmoja anaitwa Walt. Wenzangu walimwita Walt hivyo hivyo kavu. Mimi mdomo uligoma, mtu kanizidi miaka thelathini! Nikawa namwita Mzee Walt. Akauliza maana yake, nikamwambia, akaipenda mpaka akaandika MZEE kwa marker kwenye lunch box yake.

Akastaafu. Macho nayo yakaanza kufifia. Siku hizi anaona kivuli tu cha mtu, sura haoni.

Mwaka jana mwezi wa tisa akaniita kwake Bloomington. Akanitolea kitu kimefungwa kwenye blanketi, kumbe gobori. Gobori kweli kweli, lile la kushindilia baruti mdomoni, ukilisimamisha linanifika kifuani. Babu wa babu yake alirudi nalo kutoka vitani, enzi hizo Wamarekani wanapigana wenyewe kwa wenyewe.

Alitaka kumkabidhi binti yake Krismasi. Ombi lake lilikuwa fupi: nizuie kutu isiendelee, na ile nyundo ya kufyatulia iliyolegea niikaze. Basi.

(Mtakaouliza leseni: silaha za kale namna hii sheria ya hapa inaziangalia tofauti na bunduki za leo. Lakini mimi si wakili, msije mkanitaja polisi.)

Nikalipeleka garage kwangu, Eagan. Kwanza nikapima mtutu kwa ufito wake wa kushindilia, maana haya ya kale mengine yanakaa na risasi tumboni miaka na miaka. Lilikuwa tupu. Kutu nikaitoa taratibu kwa mafuta. Spring ya nyundo nikaichonga kazini wakati wa break, bosi akijua.

Hapo kazi ilikuwa imeisha. Ningelirudisha siku ile, uzi huu usingekuwepo.

Sasa wakuu, malezi yetu mnayajua. Kitu cha mtu hakirudi kichafu. Jirani akikuletea futari, bakuli lake unalirudisha limeoshwa na ndani umetia chochote. Mama yangu angenichapa kwa bakuli lenye doa. Na huyu mzee ndiye aliyenipa ujuzi unaolisha watoto wangu. Nimrudishie gobori lenye kitako cheusi kwa jasho la mikono ya watu? Haiwezekani.

Upande wa kushoto wa kitako kulikuwa na vijikato vifupi vimejipanga. Nikasema hapa watoto walichezea kisu. Nikavijaza wood filler, ule udongo wa kuzibia mbao. Msasa wa kukwaruza, msasa wa kati, msasa laini, halafu mafuta ya mbao mara nne. Likawaka!

Mwanangu akapita akaniambia, "Dad, it looks brand new." Kichwa kikavimba.

Nikalipeleka. Mzee Walt akalipokea amekaa. Akavuta nyundo, ikalia inavyotakiwa, akacheka. Halafu kidole gumba chake kikaenda kwenye kitako, upande wa kushoto. Kikapita. Kikarudi. Kikapanda kidogo, kikashuka. Akaligeuza, akajaribu upande wa pili.

Mimi na ujinga wangu nikamwambia, "Smooth, eh, Mzee?"

"Very clean," akasema. "You worked hard. Thank you."

Watu wa huku ukikosea hawakuambii. Wanakushukuru na kukukatia pie. Nikaila, nikaongeza.

Binti yake ndiye aliyenisindikiza hadi kwenye gari. Akanieleza kwa upole kwamba vile vijikato vilikuwa kumi na moja, kimoja kwa kila mwezi ambao yule babu alikuwa vitani. Mzee Walt alijifunzia kuhesabu pale, kwa gumba, akiwa mtoto. Na tangu macho yaanze kuzima, kila Jumapili alikuwa analitoa gobori anavihesabu.

Nilikaa kwenye gari bila kuwasha. Niliona aibu, wakuu, aibu ya kutaka ardhi ipasuke.

Ile picha niliyosema nilimtumia kaka yangu Tanga kabla sijaanza kazi. Vijikato vyote vinaonekana. Nikampigia Mzee, nikamwambia naweza kuvichonga upya vilevile, unywele hautazidi. Akanijibu bila hasira, "Hivyo vitakuwa vyako, si vyake." Ndiyo maana picha siiweki, si vyangu kuvionyesha.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu, mama Zuhura, nikijitetea kwamba lakini lilikuwa chafu. Hakubishana. Akaenda kabatini akaja na kofia ya marehemu baba yangu, ile yenye mstari wa jasho kwenye ukingo. Miaka tisa haijaona maji.

"Basi na hii niifue?"

Nilimpokonya kabla hajamaliza.

Nilichojifunza: si kila uchafu ni uchafu. Muulize mwenyewe kabla hujashika msasa. Na wewe mwenye kitu chenye alama, mwambie fundi mapema, maana mikono yetu inawasha.

Gobori liko kwa binti, limetundikwa ukutani, wageni wanalisifu. Mimi Jumapili naenda kwa Mzee Walt. Tukiwa tunaongea, gumba lake linatembea juu ya mkono wa kiti, linasimama, linasogea, linasimama. Mara kumi na moja. Sijawahi kumwambia kwamba naona.

Povu ruksa, nastahili. Na kama nawe uliwahi kufuta cha mtu kwa nia njema, shuka nacho hapa chini, tusikae na aibu peke yetu.